Kizibao cha Wendell Sikes

Kizibao kilikuwa kimelazwa kifudifudi juu ya meza ya vielelezo, na Mpelelezi Lavonne Harjo alikuwa amekiinamia kwa muda mrefu hata Sherifu Ammons, aliyesimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akaanza kupiga mluzi wa kumharakisha.

"Ngozi ya ng'ombe hiyo, Lavonne. Haitakujibu."

"Imekwisha kunijibu, mkuu. Njoo uone."

Sherifu alisogea huku akiburuta viatu. Mgongoni mwa kizibao palikuwa na nembo moja kubwa ya duara, fuvu la ngamia na maneno Ndugu wa Jangwa, jina la kundi la pikipiki la wanajeshi wastaafu wa mji wa Tallow Bend. Chini ya nembo hiyo hapakuwa na kitu ila vitundu vya sindano vilivyojipanga kama upinde, na nyuzi zilizokatwa zikichomoza kama ndevu za siku mbili.

Pale palikuwa pameshonwa kitambaa cha umbo la upinde chenye neno moja tu, OKLAHOMA. Kila mwendesha pikipiki wa jimbo hili anajua kwamba neno hilo mgongoni ni mali ya Kwato Nyeusi, genge la pikipiki linaloogopwa kuliko yote. Kundi lingine likilitaka huomba ruhusa, na likinyimwa hukaa bila. Ndugu wa Jangwa walikwisha kukubaliana nao zamani: nembo moja, jina la jimbo hapana. Wendell Sikes, mwenye kizibao hiki, alikuwepo siku ya makubaliano. Lakini mwaka huu, gwaride la wastaafu lilipokaribia, alijishonea upinde wake mwenyewe na kumwambia kila aliyeuliza kwamba alipigwa risasi kwa ajili ya jimbo hili, na hataomba ruhusa kwa wahuni ili alibebe jina lake.

Siku chache baadaye alikutwa nyuma ya ukumbi wa kundi lake, kichwa kimepasuka kwenye ngazi ya zege. Tangu hapo alikuwa hospitalini, anapumulishwa na mashine, hajitambui. Upinde ulipatikana kesho yake katika baa ya Kwato Nyeusi, umepigiliwa misumari ukutani juu chini. Mhudumu wa baa, Royce Lindauer, aliulizwa, akasema, "Mimi ndiye niliyeupigilia." Hakuongeza neno. Alikwisha kufungwa mara mbili huko nyuma, na hukumu ya tatu ingemmaliza gerezani.

"Fuata kisu," Lavonne alisema. "Kimeanzia kushoto. Kimekata kwa hasira, kimekwaruza mpaka ngozi. Kimekuja, kimekuja, kimefika hapa kikasimama."

Kidole chake kilikuwa juu ya utepe mdogo mweusi, upande wa kulia, ulioandikwa jina la Koplo Dale Yarbrough na mwaka aliouawa Iraki.

"Wendell hakuwa fundi. Alishona upinde wake ukapanda juu ya utepe wa marehemu. Kwa hiyo mtu wetu, alipofika hapa, aliacha kukata. Amefumua mshono mmoja mmoja kwa ncha ya kisu. Kisha akaona ncha ya utepe inaning'inia, akaishona upya. Hii hapa, mishono mitatu, uzi wa kijani."

"Ampasue mtu kichwa, halafu akae chini kumshonea nguo?"

"Halafu akikunje kizibao, nembo ndani, akiweke juu ya kiti cha pikipiki kisiguse ardhi. Kwato Nyeusi wakikuvua kizibao huondoka nacho chote, mkuu. Lini walikukunjia?"

Sherifu alikunywa kahawa yake. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa amechoka tu. "Royce alikuwa jeshini. Wanamaji, miaka minne. Naye angeliheshimu jina la marehemu, na naye alifundishwa kushona na kukunja. Bi Vandiver atakuuliza hivyo hivyo."

"Bi Vandiver ni mwendesha mashtaka. Kazi yake kuuliza."

"Bi Vandiver ana upinde uliokutwa baa, ana mtu aliyesema ni mimi, na ana mji mzima unaotaka Kwato Nyeusi wakomeshwe. Wewe una nyuzi tatu."

"Nipe muda mpaka Royce apandishwe mahakamani."

"Sikukatazi," Sherifu alisema. "Lakini usiniahidi kitu."

*

Royce Lindauer aliingia chumba cha mahojiano akiwa amevaa nguo za rangi ya chungwa za mahabusu. Ndevu zake za mvi zilikuwa bado zimesukwa msuko mmoja. Alikuwa amekataa wakili. Alipoulizwa kwa nini, alijibu kwamba wakili huzungumza.

"Afande Harjo! Leo sukari imo?"

Lavonne alimsukumia kikombe, kijiko na pakiti za sukari. Royce alizitazama zile pakiti, akaziacha. Alikamata kikombe kwa mikono miwili, na kahawa ikacheza mpaka ukingoni, ikamwagika.

"Mikono imeanza lini?"

"Baridi tu."

"Humu ndani unaweza kuoka mkate, Royce."

Aliishusha mikono chini ya meza.

"Unaweza kutunga uzi kwenye sindano?"

"Mama yangu alinilea vizuri."

"Nikuletee sindano?"

"Usijisumbue, afande. Una kazi nyingi."

"Mtu aliyemvua Wendell ule upinde alifumua mishono bila kuugusa utepe wa Yarbrough. Akashona tena, mishono imenyooka kama ya cherehani. Wewe pakiti ya sukari imekushinda."

Royce aliuliza kwa sauti ndogo, "Jina la yule koplo halikuchanika?"

"Halikuchanika."

"Afadhali."

"Nani aliuleta upinde baa?"

"Upepo."

"Aliyeuleta alikuwa anaukabidhi. Jina la jimbo likivuliwa mgongoni mwa mtu hupelekwa kwa wenye nalo, ugomvi unakwisha. Ndiyo desturi yenu."

"Umeisoma wapi?"

"Kaka yangu aliendesha pikipiki hadi anakufa."

"Basi hata ile nyingine unaijua."

"Kwamba na polisi hamzungumzi."

"Umesema wewe. Mimi nakunywa kahawa."

"Mwenyekiti wako wa Kwato Nyeusi hakuinua hata kidole," Lavonne alisema. "Mtu ameadhibiwa, mji umetetemeka, na sifa amezipata bure. Gharama yake ni wewe tu. Utafia ndani, Royce, kwa kupigilia misumari."

"Usinichekeshe, mbavu zinaniuma."

"Sema ulikuwa wapi jioni ile. Nitakwenda mwenyewe kuhakikisha."

"Binti yangu Tawny anakaa nyumba ya nani?"

Lavonne alifikiri kidogo. "Ya mwenyekiti wako."

"Ana watoto wawili na kodi halipi. Sasa umeshajibiwa maswali yote." Royce alijaribu tena kukishika kikombe, akakiacha. "Na kwa nini unanikaba mimi? Mzee ana mdomo wake."

"Mzee gani?"

Kwa mara ya kwanza alimkwepa macho. "Nimesema mzee? Kahawa yako hii, afande, inamtoa mtu akili."

*

Wazee walikuwa wengi katika Ndugu wa Jangwa, lakini mmoja tu ndiye aliyekuwa sajenti wa Koplo Yarbrough, na wa Wendell Sikes pia. Huyo alikuwa Orval Teague, msimamizi wa nidhamu wa kundi. Kizibao kikivaliwa ovyo, yeye ndiye hukirekebisha. Mwanachama akifukuzwa, yeye ndiye huja kukichukua.

Lavonne alimkuta ukumbini adhuhuri, anakoroga sufuria ya chili, mchuzi wa nyama na pilipili, kwa mwiko mrefu. Juu ya meza kizibao cha mwanachama mpya kilikuwa kimetandazwa, nembo imeshonwa nusu, na pembeni yake kopo la biskuti limejaa sindano na kigurudumu cha uzi. Uzi ulikuwa wa kijani.

"Karibu, binti. Chukua bakuli."

"Nimekula, Mzee Orval. Unawashonea wote?"

"Wote. Ukiwaachia wenyewe, ngamia anaangalia juu."

"Wendell alijishonea."

Mwiko ulisimama, kisha ukaendelea. "Ilionekana."

"Huu uzi nikiuchukua utanizuia?"

"Chukua wote. Pale dukani umejaa rafu nzima." Alimkabidhi bila kusita, naye Lavonne akajua papo hapo kwamba maabara haitamsaidia kitu.

Alivuta kiti. "Nadhani nakijua kilichotokea. Nisikilize, ukitaka unisahihishe. Kwato Nyeusi walileta onyo: upinde utoke kabla ya gwaride, la sivyo wataufuata wenyewe. Mkamsihi Wendell. Akakataa."

"Alikuwa kichwa kigumu tangu kijana."

"Msimamizi wa nidhamu akaona bora auvue yeye, kwa mkono wa nyumbani, kuliko wauvue wale kwa minyororo. Akamwita nyuma ya ukumbi."

Orval alipunguza moto. Alikuwa mtu wa mifupa mikubwa, na kizibao chake mwenyewe kilikuwa kimefifia mpaka ngamia hana tena macho. "Tuseme yupo mtu kama huyo," alisema. "Tuseme. Angemshika kizibao, si ndiyo? Na kizibao cha mtu hakiguswi, hata na mkewe. Kijana angekurupuka. Kuna majani yenye maji pale ngazini, na buti hazina meno."

"Angeanguka."

"Tuseme angeanguka. Na huyo mtu angedhani amezimia kidogo tu, kama alivyowahi kuzimia kule Iraki akaamka anatukana. Angepiga simu gari la wagonjwa lije. Na angekuwa na mikono, binti, haina pa kwenda."

"Akaipa kazi ya kufumua na kushona."

Chili ilitokota.

"Mzee, Royce Lindauer hakuwepo. Unajua hakuwepo, kwa sababu ulimkuta baa ulipopeleka upinde. Anafungwa maisha."

"Royce ana mdomo wake."

"Na yeye amesema hivyo hivyo juu yako."

"Basi tumeelewana, mimi na yeye." Alifunika sufuria. "Nakwenda kukaa na Wendell kila siku. Namsomea matokeo ya mpira. Akiamka, ataamka akijua adui ni Kwato, na ndugu zake wapo. Ukimwambia ni ndugu, ataamka kwa nani?"

"Nataka uyaseme haya kituoni, mbele ya kinasa sauti."

"Yapi, binti? Mimi nimesema tuseme."

*

Wendell Sikes hakuamka. Alikufa kabla ya wiki kwisha, mkewe Dreama akiwa ameshika mguu wake juu ya shuka, na Bi Vandiver akabadilisha shtaka kuwa mauaji. Ripoti ya Lavonne aliisoma akiwa amesimama. "Mikono inatetemeka? Basi alikuwa na mwenzake," alisema. "Na huyo mzee amekiri nini? Nisomee neno moja alilokiri." Lavonne alilitafuta hilo neno katika ripoti yake mwenyewe na hakuliona.

Mchana ule ule Orval Teague alikuja kituoni, kofia mkononi.

"Nimefuata kizibao. Tunazika Jumamosi."

Lavonne alikuwa amemtarajia. Ndugu akifa akiwa mwanachama, huzikwa na kizibao chake. Hilo hata watoto wa mji huu wanalijua.

"Siwezi kukitoa. Ni kielelezo cha kesi."

"Mpaka lini?"

"Mpaka kesi iishe. Na rufaa. Miaka." Alisubiri neno hilo lizame. "Mtu akikiri leo, naweza kwenda kwa jaji leo. Nitapiga picha kila uzi, na Jumamosi Wendell atakuwa amekivaa."

"Usinifanyie hivi, binti."

"Mlango uko wazi, mzee. Kiti kile pale."

Orval alikitazama kiti. Kwa muda Lavonne aliamini atakaa, na alikwisha kunyoosha mkono kuelekea kinasa sauti.

"Nikisema leo, nani atambeba?" mzee aliuliza. "Kundi litakatika vipande kabla ya Jumamosi. Nusu watataka kuniua, nusu watanificha. Dreama atabaki na jeneza na watu wa kukodi."

"Na akishazikwa?"

Mzee alivaa kofia yake, akaisawazisha kwa vidole viwili kama mtu anayekwenda kukaguliwa, akatoka.

*

Jumamosi ilikuwa na upepo wa kukata masikio. Pikipiki zilijaa uwanja wa kanisa, na watu walipuliza viganja vyao wakisubiri mlango ufunguliwe. Ndugu wa Jangwa walikuwa wamejipanga safu mbili, wote na ngamia wao mgongoni.

Wote, isipokuwa mmoja. Orval Teague alisimama mwisho wa safu na shati la mikono mirefu, kifungo cha juu kimefungwa, midomo imekuwa ya samawati.

Lavonne aliingia ndani, akapita mpaka kwenye jeneza. Wendell alikuwa amevalishwa kizibao kilichofifia, kinachompwaya mabegani. Kifuani, mahali pa jina la mwenyewe, palikuwa patupu, nyuzi za kijani zimebaki.

Hakuhitaji kuambiwa ni cha nani. Kwao kosa la kumwinulia ndugu mkono halina faini wala onyo. Mtu huvuliwa kizibao na hakivai tena mpaka anakufa. Kwa kawaida msimamizi wa nidhamu ndiye humvua.

Alirudi nje, akamfuata mtu wa kwanza katika safu, jamaa mnene mwenye pete masikioni.

"Mzee Orval kizibao chake kiko wapi?"

"Amesikia joto," yule mtu alisema, meno yakigongana.

Alimwuliza wa pili.

"Joto, afande. Uzee ule."

Wa tatu alitazama mbele kana kwamba yuko gwarideni. "Nasikia alikuwa anatoka jasho."

Dreama Sikes alikuwa ameketi kiti cha mbele, pochi magotini. Lavonne alichuchumaa mbele yake, akasema polepole, kwa sababu hakuona namna nyingine ya kulisema, "Dreama, hicho alichovaa mumeo si chake. Unajua ni cha nani, na unajua kwa nini yumo ndani yake. Kuna mtu mwingine anakwenda kufungwa."

Dreama alifungua pochi, akaifunga.

"Wendell alikuwa na baridi, dada," alisema. "Mzee kamfunika. Niache nimzike mume wangu."

Walimbeba sita, Orval mbele kushoto. Walipokwisha kulishusha jeneza na watu kuanza kutawanyika, Lavonne alimpata mzee kando ya lango, anajaribu kuwasha pikipiki kwa vidole vilivyokufa ganzi. Watu hawakumkaribia tena. Walimzunguka kwa mbali, kila mmoja akiwa na shughuli na kofia yake.

"Sasa sema, mzee. Ameshazikwa."

"Nimekwisha sema. Wote wamesikia."

"Mimi sikusikia. Jaji hakusikia."

"Wewe na jaji hamumo," Orval alisema, bila ubaya. Injini iliwaka. Aliondoka peke yake, na katika zile pikipiki zote hakuna iliyomfuata.

*

Gari la kumhamishia Royce gereza la mkoa lilikuwa tayari uani. Lavonne aliomba dakika chache, akapewa. Hakuleta kahawa.

"Amesema?" Royce aliuliza.

"Amevua kizibao. Wamemzika nacho Wendell."

Royce alivuta msuko wa ndevu zake, akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayepokea habari njema ya jirani.

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu wote."

"Kazi hiyo imekwisha, basi. Hawatamsalimia mpaka anaingia kaburini." Alimtazama Lavonne usoni, akashangaa. "Una nini, afande? Kosa lilikuwa la mzee, na mzee amehukumiwa. Wewe ulitaka nini zaidi?"

"Nilitaka wewe utoke."

Mlango ulifunguliwa, askari akaingia na pingu, na Royce akasimama mwenyewe, akageuka, akaipeleka mikono yake nyuma kabla hajaambiwa. Ilikuwa inatetemeka sana, na askari akamwamuru aitulize.

"Haiwezi," Lavonne alisema. "Mshikilie tu."